Abiria wa Mume Wangu

Watu wa Kinondo walidhani mke wa mtu wa reli husafiri bure kila anapojisikia. Nikienda kisimani, naulizwa Nairobi kuna baridi gani siku hizi. Nikienda Ukunda kununua mafuta ya taa, mwenye duka ananiuliza kama ni kweli gari la moshi lina vyoo vya kukalia. Mimi nitajuaje? Tangu niolewe na mtu wa reli sikuwahi kupanda reli. Nililiona gari lenyewe mara moja tu, limesimama stesheni ya Mombasa, nilipompelekea mume wangu koti alilolisahau nyumbani. Na hata siku hiyo nilizuiwa getini kwa kuwa sikuwa na tikiti. Koti likapokewa na mtu mwingine, mimi nikarudi Likoni kwa miguu, nikitukana njia nzima.

Mume wangu alikuwa weita katika behewa la chakula. Aliingia kazini akiwa kijana kabla ya Uhuru, wakati weita wote walivaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu kiunoni, na walioketi mezani walikuwa Wazungu watupu. Uhuru ulipokuja, kanzu zikaondolewa, wakapewa makoti meupe yenye vifungo vya shaba. Yeye alilipenda koti lile kama alivyowapenda wanawe, na siku nyingine niliona kama liliwazidi kidogo. Kwangu mimi lilikuwa adhabu. Kanzu unaifua, unaianika, unaikunja, basi. Koti lilitaka kutiwa wanga. Nilichemsha muhogo, nikachuja maji yake, nikalichovya, nikalipiga pasi ya makaa huku nimeziba pumzi cheche isije ikaruka. Nikimaliza analiinua dirishani, analitazama upande huu na upande huu, kisha anasema, "Kola imelegea."

Nyumbani aliishi kana kwamba nyumba yetu ilikuwa na magurudumu. Hakusema watoto waanze kula, alisema, "Meza ya kwanza tayari." Mimi na yeye tulikuwa meza ya pili. Sahani alitaka zipashwe moto kabla ya kupakuliwa. Nilimwuliza mbele ya mama yangu mzazi, "Bwana, mtu apashe sahani moto kwa wali uliotoka jikoni sasa hivi?" Akanijibu kwa upole, kama anavyomjibu mtu asiyekwenda mbali na kwao, kwamba ndivyo inavyofanywa. Upole ule ulinichoma kuliko kama angenigombeza.

Halafu kulikuwa na vifurushi. Kila mwenye mtoto aliyekwenda bara kutafuta kazi alijua kwamba mume wangu hupita huko. Basi papa mkavu aliletwa kwangu, korosho zililetwa kwangu, maembe mabichi ya achari, nazi ndani ya pakacha, dawa za kienyeji zilizofungwa kwenye kitambaa. Nilipanga vyote ukumbini na kukumbuka ni cha nani na anakaa wapi. Harufu ya papa ilishika hata mito ya kulalia. Mume wangu alivibeba vyote bila kulalamika, na sifa zote zikawa zake. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Ahsante, bibi, kwa kuvumilia papa wangu siku nzima."

Kilichonikera zaidi ya vyote ni pasi ya kusafiria. Wafanyakazi wa reli walikuwa na haki ya pasi ya familia: mke na watoto wapande daraja la pili bila kulipa, mara moja kwa mwaka. Wake wa wenzake walikwenda. Mmoja wao aliyekaa Changamwe alifika hadi Kampala, akarudi na ndizi na mdomo usiofunga. Mimi nikiuliza, jibu lilikuwa moja: "Mwaka huu hapana." Mara watu ni wengi, mara mvua imeharibu njia, mara mtoto bado mdogo. Mtoto akawa mkubwa, akaja mwingine mdogo. Nilianza kuwaza vibaya, kama mwanamke yeyote angewaza. Nikadhani ana mke mwingine Nairobi. Nikadhani ananionea haya, mwanamke wa shamba mwenye leso, mbele ya wenzake waliozoea mjini.

Aliyevunja ukuta huo ni mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu. Binti yake, wifi yangu, alikuwa ameolewa Nakuru, akajifungua mtoto wa kwanza, na mavyaa alitaka kumwona mjukuu kabla hajaota meno. Hakuuliza. Mwanawe alipokuja kutoka safari, alimwacha avue viatu, kisha akasema, "Nitakwenda Nakuru kwa gari lako. Mkeo atanisindikiza."

"Mama, safari ni ndefu, utachoka."

"Kwani nitalisukuma?"

Mume wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepanga. Wallahi sikupanga, ingawa laiti ningejua ni rahisi hivyo, ningelipanga mapema.

Mimi akanichukulia pasi, mamake akamkatia tikiti, na siku chache kabla ya safari akaanza kutupa maagizo. Tule chakula chetu humo humo chumbani. Tusitembee ovyo kwenye kijia cha behewa. Tukikutana naye tusimwite. "Nikiwa kazini, niko kazini," alisema. Mavyaa aliitikia kila neno, "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba." Mimi niliyeishi naye nyumba moja nilijua maana ya ndiyo zile. Hakuna alilolisikia.

Watoto tuliwaacha kwa mama yangu mzazi, tukaondoka Kinondo mapema kwa ajili ya feri, tukafika stesheni jua likiwa bado kali, tukakaa juu ya makapu yetu hadi milango ilipofunguliwa. Nikiri kwamba nilipoingia chumba kile niliduwaa. Viti vya ngozi ya kijani, beseni dogo la kunawia lenye mfuniko, vitanda vinavyokunjuliwa kutoka ukutani. Tulikuwa wanawake watatu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa skuli kutoka bara, mpole, akisoma gazeti. Mavyaa alipapasa kila kitu. Alifungua beseni na kulifunga, akafungua tena. Gari lilipoanza kuondoka alishika mkono wangu, na hakuuachia mpaka tulipolipita daraja la Makupa.

Magharibi ilipoingia likazuka suala la kibla. Nilitandika mkeka mdogo kati ya viti, mavyaa akasimama, akapiga takbira, na gari nalo likaanza kupinda. Njia ya kupanda Mazeras imejipinda kama nyoka. Mavyaa alisali rakaa zake, akatoa salamu, akachungulia dirishani na kuona mwanga wa machweo haupo pale ulipokuwa. "Nimesali nikitazama wapi?" akaniuliza. Nikamwambia Mungu anajua. "Anajua," akasema, "lakini mwanangu naye angejua, maana njia ni yake. Twende tukamwulize."

"Mavyaa, tumeambiwa tukae humu."

"Nimemzaa mimi."

Wakati huo huo mtu akapita kijiani akigonga kimarimba kidogo cha chuma, kuashiria kwamba meza ya kwanza iko tayari. Mwalimu alikunja gazeti akainuka. Mavyaa akachukua kapu lake, akamfuata. Ningefanyaje? Nikawafuata.

Behewa la chakula lilikuwa zuri, sitasema uongo. Vitambaa vyeupe, visu na uma vimepangwa, taa ndogo ukutani, na nje giza linaanza kushika vichaka. Mume wangu alikuwa amesimama katikati, mgongo umenyooka, taulo juu ya mkono, na koti langu mwilini. Nasema langu kwa sababu nililijua kila mshono. Alituona. Uso wake haukubadilika hata chembe. Akaja, akainamisha kichwa, akasema, "Karibuni, mama. Meza ya watu wawili?"

Mavyaa akamtazama juu mpaka chini. "We mtoto, salamu iko wapi?"

Akavuta kiti, akainama kama anayenyoosha kitambaa cha meza, na pale chini karibu na sikio la mamake akanong'ona, "Shikamoo, mama." Kisha akanyooka, akawa weita tena. Kwangu hakunong'ona kitu. Nilikaa nikiwa nimeyakaza meno. Mtu ninayemchemshia muhogo wa koti lake ananiita mama na kuniuliza nitakunywa nini!

Supu ililetwa. Mavyaa aliimaliza kwa haraka, akangoja, kisha akauliza chakula chenyewe kinakuja saa ngapi. Akaletewa samaki, kipande kidogo kimelala juu ya mchuzi mweupe. Alimgusa kwa kidole. "Huyu amekufa mara mbili," akasema kwa sauti iliyofika mbali. Akafungua kapu, akatoa samaki wake wa kukaanga aliyefungwa kwenye jani la mgomba, na chupa ya achari. Harufu ya pilipili na ndimu ikatanda behewa zima. Mwalimu aliyekuwa meza ya jirani alicheka, akaomba kionjo, akapewa. Nilimwona mume wangu kule mwisho akifumba macho kidogo na kuyafumbua.

Hayo yangepita. Kwenye meza ya upande wa pili alikuwa ameketi bwana mmoja kutoka bara, amevaa suti ya kijivu, karatasi zake ameziweka kando ya sahani; alionekana mtu wa ofisi kubwa. Akapiga vidole hewani. "Boi!"

Sikuelewa anamwita nani. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtoto. Kisha nikamwona mume wangu, baba wa watoto wangu, mtu mwenye mvi za kwanza juu ya masikio, anakwenda haraka. "Ndiyo, bwana."

"Hii supu imekuwa baridi. Ondoa. Na haraka, boi."

"Samahani, bwana." Na akatabasamu. Tabasamu lile sikuwahi kuliona nyumbani, wala sikulitaka.

Mavyaa aliweka samaki chini. Akapangusa vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja, akainuka, na huku gari linayumba akashika viti hadi akafika meza ya yule bwana.

"Baba, hujambo?"

Bwana yule akashtuka. "Sijambo."

"Hebu nikuulize. Huyu unayemwita boi, unamzidi umri?"

"Mama, mimi sikuongea na wewe."

"Najua. Mimi ndiye ninayesema nawe. Wakoloni walimwita hivyo, tukanyamaza, tukasema ndio wakoloni. Wewe umekuja na jina lile lile, umelitoa wapi? Huyu ana watoto. Ana mke, huyo hapo." Akaninyooshea mkono. Behewa zima likageuka kunitazama, nami nina kijiko mdomoni.

Mume wangu alikuwa amesimama katikati yao na bakuli la supu mikononi. Akasema taratibu, "Mama, tafadhali rudi kwenye kiti chako."

"Mama yupi?" mavyaa akamwuliza. "Mama abiria au mama mimi?"

Hapo akaja msimamizi wa behewa, mtu mnene mwenye sauti ya chini ambaye mume wangu alikuwa akimtaja nyumbani kwa heshima kama anayemtaja imamu. Akatazama kapu, achari, jani la mgomba, na mavyaa aliyesimama. Akamwuliza mume wangu, "Hawa ni watu wako?"

Magurudumu tu yaligonga reli. Mimi nilijiambia: akikana kwamba anatujua, nitashuka stesheni ya kwanza, iwe na simba au isiwe na simba.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Huyu ni mama yangu mzazi. Na yule ni mke wangu."

Bakuli bado alikuwa amelishika sawasawa, halikumwagika tone. Msimamizi akamwambia atupeleke chumbani kwetu kisha arudi. Yule bwana wa suti hakuomba radhi. Aliangalia karatasi zake.

Asubuhi, nje kumekuwa kweupe na nyasi za nyanda za juu zina umande, mume wangu akagonga mlango akiwa na chai. Mavyaa bado alikuwa kitandani amejifunika leso mbili kwa baridi. Nilitoka kijiani nikaufunga mlango nyuma yangu.

"Nilikwambia mle humu ndani," akaanza.

"Mama yako ndiye aliyetaka kwenda."

"Mama ni mzee. Wewe una akili zako."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Msimamizi ameniondoa behewa la chakula. Nitatandika vitanda mpaka atakaponirudisha."

Nilitaka kumwonea huruma lakini hasira ilitangulia. "Miaka yote nakuomba pasi, waniambia mwaka huu hapana. Nimekudhania mambo, bwana. Mambo makubwa. Kumbe wanionea haya!"

Alitazama dirishani, sinia la chai likiwa bado mkononi. Walipita pundamilia, hakuna kati yetu aliyewajali. Kisha akasema, "Nikipigiwa vidole nimezoea. Naenda, nasema ndiyo bwana, nachukua sahani. Wewe ukiwa umekaa pale unatazama, hilo sikulizoea."

"Basi ungesema!"

"Ningesemaje?"

Mtu ananinyima safari miaka na miaka kwa sababu ambayo ningeielewa kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe anaisema siku aliyokwisha kuharibikiwa. Nilichukua sinia nikaingia ndani. Chai ilikuwa nzuri, yenye maziwa mengi. Mavyaa alikunywa vikombe vyote viwili.

Nakuru tulikaa majuma mawili. Mtoto alikuwa mnene, mwenye kulia usiku. Mavyaa alilalamikia baridi, sukuma wiki, na maji yasiyokolea chumvi. Tuliporudi Kinondo alisimulia safari kwa kila aliyekuja kutusalimia, na katika simulizi zake mwanawe alikuwa mkubwa wa gari zima, ambaye neno lake likitoka hata dereva hutii. Bwana wa suti hakuwemo kabisa. Nilimsikiliza nikiwa jikoni, nikajizuia. Aliyelipia safari ile ni mimi, kwa sababu mume wangu alitandika vitanda karibu mwaka mzima, na kila alipokuja nyumbani alikuwa na neno juu ya shuka, juu ya abiria wanaotapika, juu ya mgongo wake. Mume wangu hakumlaumu mamake hata siku moja. Lawama zote ziliishia kwangu, kwa upole ule ule.

Walimrudisha behewa la chakula baadaye, lakini behewa lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika. Vikombe vya zamani vilivunjika, vikaletwa vya kila namna. Nyama ikawa siku ipo siku haipo. Nchi tatu zilipogawana reli, safari za Kampala zikamwishia, na gari la Nairobi likaanza kufika adhuhuri badala ya asubuhi, siku nyingine likilala kabisa njiani kwa kukosa kichwa cha kulivuta. Yeye aliendelea kutaka kola isimame. Nilimwuliza, isimamie nani? Akasema watu bado wanakula. Nikatia wanga. Nilinung'unika, lakini nilitia.

Pasi ya daraja la pili sikuiomba tena. Nilipotaka kwenda kwa wifi, niliuza nazi zangu, nikakata tikiti ya daraja la tatu, nikakaa kwenye kiti cha mbao na wenzangu. Mume wangu alikasirika. Alisema watu watasema hamtunzi mkewe. Nikamwambia kule nyuma hakuna anayenihudumia, kwa hiyo hakuna wa kuvunjiwa heshima. Wanawake wanafungua makapu waziwazi, mtu anakupa kiazi, unampa kipande cha samaki, mnajuliana hali mpaka asubuhi. Hakunielewa, nami nilichoka kumweleza.

Safari moja gari lilisimama Konza alfajiri, likakaa pale muda mrefu bila maelezo, kama ilivyokuwa kawaida siku hizo. Baridi ilikuwa inauma. Watu wa daraja la tatu walishuka kununua maziwa na mahindi ya kuchemsha kwa wanawake wa pale. Mimi nilibaki dirishani na leso begani. Nikamwona anakuja kutoka mbele, kando ya reli, juu ya kokoto, kwa viatu vyake vya kazi na koti jeupe, akitazama kila dirisha. Wenzangu wakanyamaza wakidhani ni mkaguzi. Akafika chini ya dirisha langu akasimama. Hakujali nani anasikia.

"Mama watoto, umekula?"

"Nimekula tangu Voi," nikamwambia. "Rudi ukapashe sahani zako."

Akaenda, akitembea kwa uangalifu asichafue suruali. Mwanamke wa pembeni yangu akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni mume wangu, tena nikasema kwa sauti.